Shingo ya Kuku wa Alhamisi

Alhamisi, 7 Agosti

Dada Shoto,

Asalaam aleykum. Nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya sanduku la barafu, na Kipara ameshawasha lori la kiwanda anapiga honi kama mtu aliyechelewa harusi yake mwenyewe. Kwa hiyo salamu ndefu utanisamehe.

Kuku watatu waliomo humu usimpikie Baba. Hata supu yao usimpe. Na wewe usile. Wafukie nyuma ya nyumba, mbali na paka, halafu mwambie Baba lolote: barafu imeyeyuka njiani, lori lilikwama, wameoza. Wewe kwa maneno hujawahi kushindwa.

Usinipigie simu. Tangu macho yalipomwisha Baba anataka simu iwekwe sauti ya wazi, asikie kila neno la kila mtu, na mimi mbele ya sauti yake siwezi kusema uongo, wala kweli siwezi. Niandikie. Karatasi ndiyo kitu pekee mle ndani asichoweza kukisikia. Kipara anarudi huku Jumamosi, mpe yeye.

Ukishasoma, choma.

Mdogo wako,
Kitinda


Jumamosi, 9 Agosti

Kitinda,

Wa aleykum salaam, kama ile ilikuwa salamu.

Barua yako nimeikuta chini kabisa ya barafu, imelowa chapachapa, wakati kuku mmoja ameshachemka saa nzima. Ungeiweka juu ungenisaidia. Kichwa chako siku hizi kimejaa manyoya. Nimewanusa wale wawili waliobaki, nikawageuza huku na huku, hawana harufu, hawana doa. Kwa hiyo nimemaliza kupika, Baba nimempa supu, nimempa na nyama, na kesho nitampa tena, mpaka nitakapoambiwa kwa nini nisimpe.

Hali ya huku unaijua au umeisahau? Kidonda cha mguuni hakijafunga. Daktari wa zahanati alikuja Jumatano, akakisafisha, akakunja uso. Amesema mzee mwenye sukari kidonda chake kinajengwa na chakula, na chakula alichokitaja ni nyama na supu. Atarudi Jumatatu ya tarehe moja Septemba. Akikikuta vilevile, anaandika barua ya hospitali kuu wakamkate. Si kidole. Mguu, Kitinda.

Na baba yako ni huyohuyo unayemjua. Maharage yanamvimbisha tumbo. Mayai hayaweki mdomoni tangu utoto wake. Nyama ya buchani ndiyo hataki hata kuisikia. "Sili nyama ya mkono nisioujua," basi, mazungumzo yamekwisha. Miaka arobaini amechinjia watu, leo mkono anaoujua umebaki mmoja tu, na ni wako. Lori likipiga honi Alhamisi anajiweka sawa kwenye kiti. Anataka kwanza nimletee kuku mmoja mbichi, kabla sijamkatakata. Anamshika shingo, anaipapasa kwa kidole gumba polepole. Zamani akimaliza alikuwa anacheka, "Huyu mwanangu huyu!" Siku hizi anaishika muda mrefu zaidi na hasemi kitu. Nadhani anaikumbuka kazi yake. Halafu anataka kula peke yake barazani, kwenye benchi, eti nisimwone akidondosha.

Na bado anakonda! Sahani inarudi nyeupe, mtu anakonda, anayenenepa ni paka wa yule fundi cherehani wa jirani. Sielewi.

Basi niambie. Ni mkeo? Amechoka kuona kuku watatu kila wiki wanakwenda kwa baba mkwe? Kama ni yeye, mwambie aje aniambie mwenyewe, nina majibu yake hapa yamekaa tayari. Kama si yeye, sema ni nini. Mimi si wa kutumwa nifukie chakula halafu nisiulize.

Barua sijaichoma. Imelowa, haishiki moto.

Dada yako,
Shoto


Alhamisi, 14 Agosti

Dada Shoto,

Mke wangu mwache. Yeye ndiye aliyeniambia nikuandikie, mimi nilitaka kunyamaza.

Safari hii barua nimeibandika ndani ya kifuniko, haitalowa. Isome mahali ambapo Baba hatakusikia hata ukipumua.

Kazi yetu unajua inavyokwenda. Kuku wananing'inizwa miguu juu kwenye mnyororo unaotembea. Kabla ya kunifikia, vichwa vyao vinapita kwenye maji yenye umeme kidogo, ili wazubae, wasipige mabawa. Wakitoka hapo wamezimia tu, roho imo. Mimi na wenzangu wawili tunasema Bismillahi, tunakata, damu inatoka, kuku anakufa kwa kisu. Kamati ya msikiti ilikuja ikaona, ikaridhika, ikatoa mhuri wa halali. Na iliridhika haraka kwa sababu ya Baba. Unakumbuka siku ile ulivyomshika mkono akatia dole gumba kwenye karatasi ya dhamana: mkono wa mwanangu ni mkono wangu.

Sasa wanunuzi walilalamika kwamba mabawa yanafika yamevunjika. Meneja akaongeza umeme. Wiki iliyopita nikaanza kuona damu haitoki kama damu, inachuruzika tu. Namkata kuku, hatikisiki. Nikangoja wenzangu waende kula, nikashusha kuku sita kwenye mnyororo kabla ya kuwakata, nikawalaza sakafuni. Kuku aliyezimia huamka, dada. Anapepesuka, anasimama, anakutazama kama umemkosea. Nilisimama pale mpaka kengele ya kurudi kazini ikalia. Hakuamka hata mmoja.

Nimekuwa nikichinja maiti. Nasema jina la Mungu juu ya kibudu, nakata, jioni natia sahihi kwenye fomu, mhuri unapigwa, lori linaondoka.

Nimemwambia Meneja. Akanijibu fundi wa mitambo atakuja, nisubiri, nisiwatie watu kiwewe. "Ulikata au hukukata? Ulitaja jina la Mungu au hukutaja? Basi, wewe yako umemaliza." Alisema huku anatafuta kalamu anipe nitie sahihi. Nikaipokea.

Baba usimwambie. Nakuomba. Akijua kwamba amelishwa kibudu, na aliyemlisha ni mkono alioutilia dole gumba, hatamngoja daktari.

Sanduku nimelituma kama kawaida, maana asiposikia honi atauliza. Kuku waliomo ni walewale. Fukia.

Kitinda


Jumamosi, 16 Agosti

Kitinda,

Barua yako nimeisomea chooni, ndiko kuliko na komeo. Nimeanza kukujibu mara tatu nikachana. Ya kwanza ilikuwa matusi matupu, ya pili matusi na dua, ya tatu nililia wino ukatapakaa. Hii ni ya nne, ivumilie.

Umemlisha baba yetu kibudu, na mimi ndiye niliyechemsha. Nimesugua sufuria kwa majivu mpaka vidole vimechubuka. Baba akaniuliza, "Shoto, unamsugua nani huko?" Nikasema imeungua. Uongo wa kwanza huo, nimeshaanza.

Nilikwenda kwa Mwalimu, huyu wa madrasa ya pale pembeni, anayekuja kumsomea Baba baada ya Alasiri. Nikazungukazunguka, nikamwambia kuna mwanamke mmoja mtaa wa pili, amempikia mzazi wake nyama, kumbe si halali, hakujua. Akanitazama juu ya miwani. Akasema, "Mwambie huyo mwanamke wa mtaa wa pili asilie. Aliyekula bila kujua hana dhambi, aliyepika bila kujua hana dhambi. Anayejua akanyamaza, huyo ndiye aliyeubeba mzigo." Nikamuuliza, na kama mzazi ni mgonjwa, nyama ndiyo dawa yake, dharura haimruhusu? Akasema, "Dharura ni pale ambapo kingine hakuna. Huko mtaa wa pili kuku wazima wamekwisha?"

Niliona aibu mpaka masikioni. Nilipokuwa natoka akaniambia nimsalimie yule mwanamke.

Basi sikiliza. Nunua kuku mzima. Mmoja tu. Mlaze uani kwako, mchinje kwa mkono wako, mtie kwenye barafu, Alhamisi aje. Baba apate nyama ya mkono anaoujua, na iwe kweli. Mengine utamweleza mwenyewe kwa kinywa chako, siku utakayopata kinywa. Lakini mguu hauna nafasi ya kukungoja. Zimebaki wiki mbili na siku mbili.

Na kitu kimoja. Umeandika "wiki iliyopita". Nimeyatazama maneno hayo, umeyaandika madogo kuliko mengine yote kwenye ukurasa. Nakujua tangu ulipokuwa unaficha daftari za shule chini ya godoro. Ni wiki iliyopita kweli?

Shoto


Alhamisi, 21 Agosti

Dada Shoto,

Nilinunua. Jogoo mwekundu, mzito, nilimchagua kama ninayemchagulia mgeni. Jumanne baada ya kazi nikamlaza uani, nikamwelekeza kibla, kisu nimekinoa mpaka kinakata unywele. Nikasema Bismillahi.

Mkono ukakataa.

Usinicheke. Nilimwangalia yule jogoo jicho lake linapepesa, nikawaza: huyu ni wa baba yangu. Na wale elfu mbili wa leo asubuhi ni wa baba za nani? Wako wazee wagonjwa kama yeye, wako hospitalini wanakunywa supu yangu na kunishukuru. Nimchinjie mmoja vizuri kwa siri kwa kuwa ni baba yangu, halafu kesho nirudi nikatie sahihi vibudu vya watu wengine? Nilibaki nimempigia magoti jogoo mpaka mke wangu akatoka kuangalia. Nikamfungua kamba. Sasa anatembea uani, anajiona mshindi.

Sina la kukwambia zaidi. Fundi wa mitambo hajaja. Meneja amenihamishia ofisi yenye feni na kiti, anasema mimi ni mkuu wa wachinjaji, si lazima nisimame kwenye mnyororo siku nzima. Kutia sahihi tu. Nikikaa pale jasho linanitoka kuliko nilipokuwa nimesimama.

Nikienda kwa kamati, karatasi ya kwanza watakayoifungua ni ile ya dhamana. Watamwita Baba. Watamtoa kitini na mguu ule wamuulize mbele za watu. Umefikiria hilo? Mimi silali kwa kulifikiria.

Sanduku ni lilelile. Fukia. Baba akiuliza, sema wazuri.

Kitinda

Swali lako nimeliona.


Jumamosi, 23 Agosti

Kitinda,

Umeliona na umelipita. Sawa. Mwenyewe nimefanya jambo, nataka ulisikie kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa mtu.

Alhamisi, nilipomaliza kuisoma barua yako, nilikaa juu ya ndoo nikakukasirikia mpaka hasira ikaisha. Nikaona wewe na jogoo wako mtaendelea kutazamana mpaka mguu wa Baba ukatwe. Nikaenda kwa mama mwenye duka, nikanunua tetea. Nikachukua kisu cha Baba, kile cha mpini wa pembe, kipo juu ya kabati tangu alipoacha kazi. Nikaingia nyuma ya bafu. Nikamchinja mwenyewe.

Kwa mkono wa shoto. Wa kulia nilijaribu, kisu kikanicheza. Unanikumbuka nikiwa na miaka kumi na miwili, Baba kidole kimefungwa bandeji, wateja wanangoja, akanipa kisu akasema kata wewe? Bibi alivyopiga ukelele: mwanamke achinje, tena kwa kushoto! Baba akamwambia, "Mama, dini imemruhusu, wewe unamkataza kwa kitabu gani?" Lakini wiki ile wateja walipungua, na kisu sikupewa tena. Aliyeruhusiwa na dini akakatazwa na mtaa, nikakaa jikoni miaka thelathini. Basi juzi nilimkamata yule tetea, mikono ikakumbuka yenyewe. Bismillahi, Allahu Akbar, na damu ikatoka kama inavyotakiwa.

Nikamtia kwenye barafu awe baridi kama wenzake, nikampelekea Baba. Akamshika shingo. Kidole gumba kikaenda, kikasimama, kikarudi kilikotoka.

"Huyu ametoka kwenye sanduku?"

"Ndiyo, Baba."

"Sanduku la leo?"

"La leo, Baba. La Kitinda."

Akamrudisha mikononi mwangu. Kisha akasema, "Mpike. Weka chumvi kidogo."

Kitinda, amekula! Amekula nyama yote, ameomba mifupa ya shingo, ameivunja kwa meno yake manne yale. Jana ameniomba paja lililobaki kabla sijamaliza kufagia. Paka wa fundi alikaa chini ya benchi tangu mwanzo hadi mwisho, hakupata hata ukucha, akaondoka kwao amenuna.

Hapo ndipo nilipoinama kufagia chini ya benchi. Palikuwa safi. Wiki zote zile nilikuwa nikizoa mifupa pale, nikidhani inamponyoka kwa kutoona. Wazo limenijia ambalo sitaki kulimaliza. Limalize wewe.

Nimemwongopea machoni, na macho yenyewe hana. Sasa kwetu tuna waongo wawili. Mimi uongo wangu utanitoka, haukai ndani yangu. Wako je?

Shoto


Jumanne, 26 Agosti

Kwa mwanangu Kitinda,

Anayeandika ni Mwalimu, anayesema ni mimi baba yako. Nimemwapisha asiongeze neno wala asipunguze. (Nimeapa. Mwalimu.) Na barua hii haingii kwenye sanduku la kuku. Anakuletea mwenyewe kwa basi.

Mlidhani karatasi haina sauti. Kila lori likija dada yako anaingia chooni, komeo linalia, anakaa humo muda ambao hata mwenye kuharisha hakai, akitoka anavuta kamasi. Nimepoteza macho, masikio nimebaki nayo yote mawili.

Kuku wa kwanza mfu nilimshika Alhamisi ya mwisho ya Juni. Kuku akikatwa yu hai, ngozi ya shingo inarudi nyuma, inajikunja pembeni mwa jeraha. Ukipitisha kidole unaisikia. Maiti ukiikata ngozi inabaki pale ulipoiacha, na mshipa una damu imeganda ndani. Nimeshika shingo miaka arobaini, hilo sihitaji macho. Nikasema labda ni mmoja, amekufa kwenye mnyororo kabla mkono haujamfikia, hutokea. Wiki ya pili nikashika mwingine. Wiki ya tatu nikaacha kujidanganya.

Sikula. Paka amekula, yeye hana kitabu cha kumkataza. Mimi nilikunywa uji. Wewe ulikuwa unapiga simu, "Baba, umekula?" nami najibu, "Nimekula, mwanangu." Basi na mimi nihesabu kati ya hao waongo wa nyumba hii.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Ningekuuliza, ungejibu, nakujua, usingenificha. Lakini ungekuwa umejibu tu. Nilitaka uje mwenyewe. Kila Alhamisi nikishika shingo nasema leo, leo atakuwa ameiona aibu, amemchinja huyu kwa haki yake. Na mtu asiniambie niliuchezea mguu wangu. Mguu ni wangu.

Sasa nakwambia jambo ambalo mama yako alikufa bila kulijua. Nikiwa na umri kama wako niliitwa kuchinja fahali wa harusi. Nilipofika alikuwa ameanguka ndani ya lori, ameshakata roho, bado ana joto. Mwenye fahali akanitazama. Wageni wameshakaa. Nikaweka kisu, nikasema Bismillahi kwa sauti kubwa kuliko siku zote, nikakata. Watu wakala, wakanisifu. Nilitaka kusema kesho yake, halafu wiki ijayo, halafu ikawa hakuna wa kumwambia, na imekuwa miaka thelathini na minane. Sikutaka wewe ufike huko. Hakuna aliyenisukuma na hakuna aliyeningoja. Mimi nilikungoja.

Mwalimu, andika. Mbona kalamu imenyamaza?

(Naandika. Harusi ile ilikuwa yangu. Nimemwomba Mzee dakika moja nikanawe uso, nimerudi. Nimemsamehe, na nimemwambia nimesamehe mbele ya binti yake. Tunaendelea. Mwalimu.)

Kuku wa Alhamisi iliyopita kisu kiliingia upande wa kulia kikatokea wa kushoto. Katika ukoo wetu anayekata hivyo ni mmoja. Nilimjua papo hapo, na nilikula nikamshukuru Mungu, nikajilaumu miaka yote niliyomnyang'anya kile kisu kwa kuogopa wateja. Nimeshamwambia, akalia, akanitukana kidogo, tumeelewana. Amechinja mara ya pili jana. Kidonda kinaniwasha, na daktari alisema kikianza kuwasha ni dalili njema.

Kwa hiyo usije kwa ajili ya mguu. Chakula ninacho, mkono wa dada yako naujua.

Wanaokula huko kwenu hawana shingo ya kushika. Kuku anawafikia amekatwa vipande, amefungwa. Wao wanashika ule mhuri, na chini ya mhuri pana dole gumba langu. Hilo ndilo linaloniuma. Nenda kwa kamati kwa miguu yako kabla hawajaja kwako. Usiogope kwamba wataniita. Waniite, nitakwenda hata kwa kubebwa, nitajibu.

Sikulazimishi, wewe ni mtu mzima una mke. Lakini ukimaliza, njoo na kuku. Nimeshiba kwa dada yako, kwako bado nina njaa.

Baba yako

(Ameweka dole gumba mwenyewe. Sikumshika mkono. Mwalimu.)


Alhamisi, 28 Agosti

Dada, hii usiisomee chooni. Kaa barazani na Baba, soma kwa sauti, na mlango wa mbele uache wazi.

Baba, shikamoo.

Haikuwa wiki iliyopita. Dada aliniuliza nikapita kando. Wale kuku sita niliwalaza sakafuni Jumanne, tarehe ishirini na nne Juni, kabla ya adhuhuri. Alhamisi yake nikawatia wengine watatu kwenye sanduku lako nikijua, nikapiga simu nikakwambia kula ushibe. Hao ndio uliowashika. Kwa wiki sita nilikuwa najua na nilikuwa nakutumia. Nilijiambia ukikosa sanduku utauliza, na nikiulizwa nitasema. Ni hivyo tu, sina sababu nyingine iliyo nzuri zaidi.

Mwalimu alinikuta jana getini. Nimeisoma barua yako nimesimama, halafu nikaisoma nimekaa chini, juu ya changarawe, na nguo za kazi. Leo asubuhi nilirudi kwenye mnyororo. Kuna kifungo chekundu ukutani, kila mfanyakazi anakiona na hakuna anayekigusa. Nikakibonyeza. Mnyororo ukasimama, kuku wakabaki wananing'inia, na kimya kikawa kikubwa mpaka nikasikia maji yakidondoka. Wenzangu wawili nikawaambia mbele ya wote kwa nini. Mmoja akaanza kulia, kumbe naye alishaona. Meneja alikuja mbio na fomu mkononi. Safari hii kalamu sikuipokea.

Kamati wameniuliza tangu lini. Nimewaambia. Mmoja wao aliinuka akatoka bila kunipa mkono, na alikuwa na haki. Mhuri wameuchukua, tangazo linasomwa kesho baada ya swala ili watu waache kununua. Unga nimeumwaga, kazi sina tena. Ile karatasi ya dhamana wamenirudishia, wamesema ni yako, nikupe mkononi. Iko mfukoni mwangu.

Kipara anapita kwenu kwa mara ya mwisho kwa ajili yangu. Kwenye sanduku hamna kitu ila barua hii. Nimemwambia apige honi kama kawaida.

Mimi nakuja kesho, basi la kwanza. Yule jogoo mwekundu yuko ndani ya tenga, amemdonoa mke wangu mara mbili na anawika saa zisizo zake. Kisu nimekinoa. Nitamchinja hapo uani kwako, dada amshike miguu, wewe ukae karibu usikie.

Barafu siji nayo. Ukimshika shingo, atakuwa bado ana joto.

Mwanao,
Kitinda